Sauti Niliyoipoteza Kabambare

Kasongo, jioni

Feza mwanangu,

Nakuandikia na wewe uko upande wa pili wa ukuta huu. Nakusikia unacheka na mama yako juu ya sanduku linalokataa kufunga. Kwa hiyo sitakuuliza habari za afya. Mambo ya safari yako ya chuo nimemwachia yeye: chakula cha njiani, nguo za baridi ya Bukavu, watu wa kuwasalimu na watu wa kuwaepuka. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kukuambia kwa mdomo, ingawa kazi yangu yote ya maisha ni kufungua mdomo mbele ya watu.

Jambo lenyewe unalijua. Sikuletei siri. Nataka tu ulisikie kutoka kwangu, lote, bila kulichonga pembe.

Kabla mashine hazijafika shuleni kwetu, mimi nilikuwa mtu. Naandika hivyo bila mzaha. Nilikuwa Mwalimu wa nyimbo. Nikipita sokoni, mama wa kuuza mihogo aliniimbia do-mi-sol, kwa kuwa nilimfundisha yeye na kisha watoto wake. Solfa nilifundishwa kwa chaki na fimbo, nami nikaifundisha kwa chaki, na mara nyingine, Mungu anisamehe, kwa fimbo. Mfukoni nilibeba kile chuma changu kidogo cha kutoa sauti ya kuanzia. Sikuona kitu kingine nilichopungukiwa.

Kisha wahisani wakaleta kompyuta moja, ile tunayoiita ordinatere, mashine ndogo ya kunasa sauti, mikro mbili za kuimbia, na pano ya umeme wa jua ya kuzilisha zote. Kijana mmoja akaja kutoka Kindu kutufundisha walimu. Alisema haraka, Kifaransa kingi, vidole vyake vinaruka huku na huku. Kila mara aligeuka akaniuliza kwa heshima, "Papa Mwalimu, tuko pamoja?" Nami nikajibu, "Tuko pamoja." Hatukuwa pamoja hata kidogo. Nilikuwa nimeachwa nyuma kama mtu aliyeshuka kwenye pikipiki kukojoa, motari akaondoka zake.

Mwalimu wa hesabu aliuliza maswali. Mengine yalikuwa ya kijinga, watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, akajua. Mimi niliona nikiuliza watagundua sijui. Wewe baada ya masomo ulimkimbilia yule kijana uwanjani: "Na hii ni ya nini? Na hii ukiizungusha?" Niliwaona mmeinama juu ya mashine. Sikuona fahari, Feza. Niliudhika. Nilijiambia mtoto wa kike anajipendekeza mbele ya wageni. Ukweli ni kwamba ulikuwa unachukua kwa urahisi kitu ambacho mimi nilikuwa nimekiogopa mchana kutwa.

Ndipo prefe, mkuu wetu wa shule, akaniita. Alisema watoto wetu wanajua nyimbo zinazoletwa kwenye telefoni na vijana wanaorudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Lusangi, lakini za nyumbani hawazijui. Akaniuliza kama naweza kwenda kunasa nyimbo za shangazi yangu huko Kabambare, tuzifundishe darasani. Nikajibu kama jogoo: "Hiyo ni kazi ndogo."

Shangazi Mwayuma, yule uliyemwita Koko, alikuwa dada ya marehemu baba yangu. Nyimbo za Kibangubangu za kupalilia, za kutwanga, za kupokea mapacha, za kumsindikiza bibi arusi, zote alikuwa nazo. Wanawake wengine wa pale waliweza kuitikia. Kuanzisha aliweza yeye peke yake. Na kifua kilikuwa kimekwisha kumshika. Mtoto wake wa kwanza, Assumani, alinionya tulipofika mimi nawe: "Ndugu, asiimbe sana. Akiimba, usiku halali." Yeye mwenyewe akamkatiza: "Niache niimbe. Kulala nitalala siku zote."

Unakumbuka alivyojiandaa. Alioga, akavaa kitenge chake cha sherehe, akaita wale wamama wa kuitikia, wakakaa mkekani uani. Akaitazama mashine, akaniuliza, "Hii inakula sauti namna gani?"

"Unaimba tu, Shangazi. Yenyewe itakamata."

Nikabonyeza. Taa nyekundu ikaanza kupepesa, nikafurahi: inafanya kazi. Naye akaanza.

Nimesikia waimbaji wengi. Sijapata kusikia tena kitu kama mchana ule. Ile sauti yake ya kukwaruza, inavyopanda bila kukimbia, kisha anaiacha ianguke mikononi mwa wale wamama, nao wanaipokea kabla haijagusa chini. Akikohoa, wanamngoja. Akinywa maji, wanapiga makofi polepole kumshikia wimbo. Hata Assumani aliacha kunung'unika, akasimama mlangoni mikono nyuma.

Wewe ulikuwa umepiga magoti karibu na mashine. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, ulinivuta shati.

"Papa, ile taa inapepesa tu. Haijatulia."

Nikakuambia, "Nyamaza. Wakubwa wako mu kazi."

"Lakini yule kijana alisema ikipepesa inangoja. Inaomba ubonyeze mara ya..."

"Feza!"

Nilikuita hivyo mbele ya wamama wote, kwa sauti ninayoitumia kwa mwanafunzi aliyeiba chaki. Shangazi akageuza kichwa: "Mutoto anasema nini?"

"Hapana kitu, Shangazi. Endelea."

Akaendelea. Aliimba mpaka kivuli cha nyumba kikafunika uwanja. Wewe ulirudi nyuma ukakaa mwisho wa mkeka, macho kwenye taa, na kila wimbo ulipokwisha ulinitazama. Niliona unanitazama. Naandika neno hili na kalamu yangu ni nzito: kufika wimbo wa tatu hivi, mimi pia nilianza kuwa na wasiwasi. Nilikumbuka kitu, mbali, juu ya kubonyeza mara mbili. Kidole kimoja kingetosha. Lakini kubonyeza pale kungekuwa kukiri kwamba ulisema kweli na mimi nilikukemea bure. Kwa hiyo nikamwacha mwanamke mgonjwa amalize pumzi yake mbele ya mashine iliyokuwa inangoja.

Kasongo, prefe alipoiunganisha na ordinatere, hapakuwa na kitu. Nikasema nitarudi. Njia ilikuwa imeharibika kwa mvua, pikipiki zinazama mpaka magurudumu, mitihani ikawa karibu. Sababu hazikukosekana. Kabla mvua hazijakwisha tukaletewa habari kwamba Shangazi amefariki.

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa napitia pembeni muda huu wote.

Kwenye matanga ulikuwa na mama yako katika kazi za wanawake. Mimi nilikaa na wanaume. Baada ya maziko Assumani akasimama katikati ya watu, macho yake yamevimba, akaniambia kwa upole, wala hakuwa ananishitaki: "Ndugu, tunashukuru ulikuja kukamata sauti ya mama. Leo tunaiomba. Hata wimbo moja tu, watoto wasikie."

Waliokuwa jikoni wakasogea. Wale wamama wa kuitikia walikuwa mbele kabisa.

"Haiko," nikasema.

"Haiko namna gani?"

Wewe ulikuwa unapita na beseni ya vyombo kichwani. Nilikuona. Sikukutafuta, macho yangu yaliangukia tu kwako, na mdomo ukafuata macho.

"Mutoto alishika-shika mashine. Akaifuta."

Kila mtu akakugeukia. Ulisimama na beseni kichwani, maji yanatiririka shingoni mwako, na hukunitazama. Ningetaka ungenitazama. Uliinamisha kichwa kidogo, kwa namna ambayo beseni haikuanguka, ukaendelea na njia yako. Mama mmoja katika wale wa kuitikia, Mama Zabibu, alivuta mkeka wake ili usiupite. Mama yako alianza kusema, nikamkatiza kwa jicho. Hilo pia ni langu.

Tukarudi Kasongo. Tulipoteremka kusukuma pikipiki kwenye tope, motari akiwa mbele, uliniuliza swali moja tu.

"Papa, na kama ningeifuta kweli, ungesema vile mbele ya watu?"

Nilisukuma. Nimekuwa nalijibu swali hilo kichwani tangu wakati ule, na jibu linalokuja kila mara ni hapana. Kama ungeifuta kweli, ningekuficha. Ningesema mashine ni mbovu, ningebeba lawama, mtoto ni mtoto. Nilikutoa kwa watu kwa sababu hukuwa na kosa, na mimi nilikuwa nalo, na nilijua hutasema.

Baada ya pale sikuigusa mashine. Prefe aliifungia kabatini. Nilirudi kwenye chaki na chuma changu, nikawa mkali kuliko zamani. Siku moja nilichelewa kwenye mazoezi ya korali, kwaya yangu. Nilipokaribia nikasikia wasichana wa sauti ya pili wanaimba, kisha wananyamaza, kisha sauti zao zilezile zinatoka mahali pengine, ndogo, kama zimo ndani ya kopo. Ulikuwa umewanasa kwa telefoni ya mama yako. Ukawasikilizisha. Mmoja akasema, "Kumbe ni hapa tunaanguka!" Wakaimba tena, wakapita pale bila kuanguka. Mahali pale nilikuwa nimewapigia kelele muda mrefu.

Nilisimama nje nikavumilia kitu kilichonichoma. Kisha nikaingia, nikaendesha mazoezi kama kawaida. Ilinichukua siku nyingi kukujia. Ulikuwa unaosha viatu nyuma ya nyumba.

"Feza, nifundishe ile mashine."

Ukaniangalia kama unatafuta mtego. "Kweli, Papa?"

"Kweli."

Ukaenda kuomba funguo kwa prefe wewe mwenyewe. Nilidhani utaanza na vitufe. Ulinivalisha ekuteri masikioni, ukabonyeza mara ya kwanza, ukabonyeza mara ya pili bila kunitazama usoni, kwa huruma yako, ukasema, "Usiimbe. Sikiliza nyumba."

Nikasikia mbuzi wa jirani. Nikasikia bati linavyolia likipata jua. Mtu anatwanga mbali. Na karibu kabisa, mzee anahema kwa shida, ndipo nikatambua ni mimi. Ukaniambia, "Hayo yote mikro inayasikia. Weye uliyazoea tu."

Ulinifundisha kwa uvumilivu ambao mimi sikuwahi kumpa mwanafunzi. Kuifunika mikro kwa kitambaa upepo ukivuma. Kumsogeza mwenye sauti kubwa nyuma, bila kumwambia apunguze. Kungoja mvua iishe, kwa sababu chini ya bati hakuna fundi anayeishinda. Kuimba kila sauti peke yake na kuwapa wanakorali kwenye telefoni zao, ili yule anayeishi mbali ajifunze akiwa shambani. Kuupunguza mwendo wa wimbo ndani ya ordinatere bila kuushusha, mtoto apate kukamata mahali pagumu. Nilipobonyeza vibaya ulisema tu, "Rudi nyuma, Papa, hakuna kilichovunjika." Mara nyingi nililazimika kujifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Na mashine ilinidhalilisha tena, safari hii kwa haki. Miaka yote niliwalaumu wasichana kwamba wanaushusha wimbo. Tuliponasa korali nzima na kulinganisha mwanzo na mwisho, wimbo ulikuwa umeshuka kweli. Mtoto mmoja wa darasa la chini akasikiliza, akanyoosha kidole, akasema bila ubaya, "Mwalimu, ni weye unashuka. Wao wanakufuata." Nikaomba turudie kusikiliza. Ni mimi nilikuwa nashuka.

Siku ile niliwaambia wanakorali habari ya Kabambare. Niliwaambia sikuwa nimebonyeza mara ya pili, kwamba mtoto wangu alinionya nikamkemea, na kwamba nyimbo za Shangazi nilizipoteza mimi. Ulikuwa nyuma unakunja waya. Uliendelea kuukunja mpaka mwisho, kisha ukaufungua, ukaanza kuukunja upya.

Nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo. Nilifikiri nimemaliza. Lakini niliyasema Kasongo, kwa watu ambao hawakukudhania kitu. Waliokuhukumu walikuwa Kabambare. Nilimpigia simu Assumani mara nyingi. Tuliongea juu ya mihogo, juu ya njia, juu ya magonjwa ya kuku. Simu ilipokatika nilishukuru mtandao mbovu. Wewe hukurudi Kabambare tena. Kila penye harusi au kipaimara kule ulikuwa na malaria au mtihani, na mimi nilikubali malaria ile bila kukugusa paji la uso.

Basi mwezi uliopita Mama Zabibu akaja Kasongo kutibiwa macho, akafikia kwetu kwa sababu ya undugu. Ulimpikia. Siku ya tatu ukamwomba, kwa adabu, akuimbie zile nyimbo za Koko. Akasema hawezi kuanzisha, yeye ni wa kuitikia tu. Ukamwambia, "Basi itikia, Mama. Mahali pa Koko unyamaze, tutaacha wazi."

Ukamkalisha sebuleni, mikro mbele yake. Akakutazama kwa macho yake mabovu muda mrefu.

"Ni weye ule mutoto? Ule wa kufuta sauti ya Mwayuma?"

Mimi nilikuwa kitini, hatua chache tu. Nilikuwa na kikombe mkononi.

Ukasema, "Ndiyo, Mama. Ni miye." Ukamsogezea mikro. "Uimbe ukielekea hapa."

Akaimba. Anaitikia, ananyamaza urefu wa mstari wa Shangazi, kichwa chake kinatikisika kama anamsikia, kisha anaitikia tena. Uliifuata taa mpaka mwisho. Nami nilikaa na kikombe changu. Mara ya kwanza, kwenye matanga, naweza kusema niliingiwa na hofu, ulimi ukateleza. Hii ya pili sikuteleza. Nilikuwa na nafasi yote, nyumbani kwangu, mbele ya mwanamke mmoja kipofu nusu, na nilikunywa chai. Tangu siku ile siwezi kukuangalia ukila.

Sikuandikii ili unisamehe kabla ya kuondoka. Ukisamehe kwa haraka ya safari itakuwa nimekuibia tena. Wala sikuambii usiwe kama mimi, maana wewe unaulizaga tangu utoto na hakuna chuo kitakachokuongezea hilo. Kitu kimoja tu ninachokihofia: kwamba nilikufundisha kunyamaza. Huko utakutana na wakubwa wenye majina, na mmoja wao siku moja atakosea mbele yako, atakuambia nyamaza. Ulimsikiliza baba yako kwa sababu ulimpenda. Kwa wale huna deni la upendo huo.

Sasa sikiliza la kesho. Mama yako anafikiri nakusindikiza kwa ajili ya mizigo. Nimeongea na motari wawili, mmoja wako na mmoja wangu. Njia ya Bukavu inapita Kabambare, hilo unalijua, na nimekuona wiki hii nzima unauliza watu kama kuna njia nyingine.

Leo mchana nimempigia Assumani. Nimemwomba awaite wale waliokuwa kwenye matanga, hasa wamama wa kuitikia. Akauliza, "Ni habari ya shamba?" Nikasema, "Hapana. Ni habari ya sauti ya mama." Akasema, "Tutakuwa hapa."

Sijui watanipokea namna gani. Assumani ana haki ya kunifukuza uani kwake, na Shangazi hatarudi kuimba hata nikilia. Lakini nitasimama palepale nilipokuwa siku ile, na nitasema kwamba Feza hakuifuta sauti ya mtu. Nitasema uliniambia, nikakunyamazisha, kisha nikakuuza.

Hulazimiki kuwapo. Ukitaka kusimama na kusikia, simama. Ukitaka kusema chochote juu yangu mbele yao, sema, sitakukatiza. Na kama hutaki kumwona hata mmoja wao, mwambie motari wako asipunguze mwendo, mpite moja kwa moja, nami sitakuita. Nitaona mgongo wako unakwenda, nitapunga mkono, kisha nitashuka niingie kwao.

Mama yako ananiita, sanduku limekubali kufunga. Barua hii nitaiweka juu yake, uisome kabla hatujatoka.

Papa yako